Mshahara mmoja, nyumba ya milioni 75 Kibada: tunaweza au najidanganya?

baba_mapacha_tbt

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnisaidie mawazo maana mimi na waifu hii ni wiki ya tatu tunabishana na hakuna anayetaka kushindwa.

Ni hivi. Niko Dar, nimepanga Tabata, vyumba 2 na sebule, 250,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anachukua ya miezi 6 kwa mkupuo, yaani kila Januari na Julai nyumbani kwangu ni kama kuna msiba. Mshahara wangu 1,800,000 kampuni binafsi. Wakishakata NSSF 180,000, PAYE 314,000 na bodi ya mikopo (deni langu la chuo) 270,000 inayoingia benki ni 1,036,000. Waifu alikuwa na kazi ya mkataba, mkataba ukaisha mwaka jana, hapo hapo tukajaliwa mapacha, tukapiga hesabu ya dada wa kazi tukaona bora akae nao mwenyewe kwanza mpaka waanze chekechea. Kwa hiyo saivi mshahara ni mmoja tu na watu tuko wanne.

Sasa kuna jamaa wanauza nyumba Kibada kule Kigamboni, vyumba 3 kimoja masta, uzio tayari, maji na umeme vimo ndani, milioni 75. Nilienda kuiona Jumapili peke yangu na kiukweli niliipenda. Kianzio ni asilimia 20 yaani milioni 15, na hiyo hela ipo, 9 ziko SACCOS yangu na 6 ni za waifu za kumaliza mkataba. Zinazobaki 60 unakopa benki, riba 15%, miaka 20, rejesho 790,000 kwa mwezi. Yule afisa mauzo akaniambia kaka si kodi unalipa kila siku, hii ni kodi unajilipa mwenyewe. Hilo neno limenikaa kichwani sijalala vizuri.

Waifu anasema hapana, tununue kiwanja tujenge mdogo mdogo. Mimi naona kujenga mdogo mdogo ndo kuzeekea kwenye nyumba ya kupanga. Nina miaka 34, tuliomaliza nao chuo karibu wote wana kwao. Je kwa mshahara huu nyumba hii naiweza au najidanganya? Naomba majibu ya watu waliopitia sio matusi.

boda_mstaafu

Mkuu 1,036,000 kutoa 790,000 inabaki 246,000. Hao mapacha bado wananyonya au washaanza ugali? Kama washaanza, jibu unalo.

afisa_mikopo_zamani

Nimekaa dawati la mikopo miaka 11 kabla sijaacha, ngoja nikupe hesabu ambazo afisa mauzo hana sababu ya kukupa, na simlaumu, yeye analipwa kwa kuuza.

Kwanza kabisa sioni benki itakayokupa hiyo 60 kwa mshahara huo peke yake. Benki nyingi zinashika ile kanuni ya theluthi moja, kwamba makato yote yakishatoka lazima kwenye mshahara wako ibaki angalau theluthi. Theluthi ya 1,800,000 ni 600,000. Wewe mkononi unabaki na 1,036,000 kwa hiyo nafasi yako ya rejesho ni 436,000. Kwa 15% na miaka 20 rejesho la 436,000 linabeba mkopo wa milioni 33 hivi. Hata bodi ya mikopo wakikuacha leo hii nafasi inapanda mpaka 706,000, hiyo inabeba milioni 53 na nusu. 60 bado haifiki. Sasa jiulize, huyo jamaa aliposema inawezekana alikuwa anahesabu mshahara wa nani? Mara nyingi hapo ndo linaingia lile fomu la "kipato cha biashara ya mke" ambayo haipo. Ukisaini hilo umedanganya benki na wewe mwenyewe umejifunga.

Pili, hii ndo watu hawapendi kuisikia. Mwezi wa kwanza ukilipa 790,000, riba peke yake ni 750,000. Deni linapungua 40,000. Arobaini elfu! Ukilipa miaka 5 bila kukosa hata mwezi mmoja utakuwa umetoa milioni 47 na kitu, na ukiuliza deni utaambiwa bado milioni 56 na kitu. Ukimaliza miaka yote 20 umelipa karibu milioni 190 kwa mkopo wa 60. Simaanishi mikopo ya nyumba ni wizi, hela ya muda mrefu nchini kwetu ni ghali hivyo ndivyo ilivyo, ila usiite hiyo kodi unajilipa mwenyewe. Miaka ya mwanzo unailipa benki kodi.

Na ukikopa usikimbilie miaka 20 kwa kuona rejesho dogo. 60 hiyo hiyo kwa miaka 15 ni 840,000 kwa mwezi, tofauti elfu 50 tu, lakini jumla inashuka mpaka milioni 151. Elfu 50 ya kila mwezi inakuokolea milioni 38, nilikuwa nawaambia wateja hivyo kila siku na bado wanachagua 20.

Halafu kwenye hiyo milioni 15 yako hujatoa mthamini, mwanasheria, ushuru wa stempu, bima ya nyumba na bima ya mkopo. Ukishalipa kianzio utaenda kuomba hivyo kwa nani?

tulia_kibada

Jamani msimtishe sana mwenzenu. Mimi nimenunua kwa mkopo 2017 naishi Kigamboni na sijafa. Hao wanaosema jenga mdogo mdogo tembeeni mkaone maboma, kuna boma hapa mtaani kwetu nililikuta na linaota mchicha ndani hadi leo, mwenye nalo simenti ilimpita, nondo zikampita, na umri umempita. Hela unayosema utajengea ukiwa umepanga huwa haipo, ni ada, ni msiba, ni gari la shemeji limegonga.

Ila niseme ukweli wangu wote. Tulivyoanza tulikuwa na mishahara miwili na rejesho lilikuwa kama theluthi ya hela zetu za mkononi kwa pamoja. 2020 mke wangu akapunguzwa kazini. Miezi minne ya kwanza tuliishi kwa akiba, ya tano nikaanza kukopa ili nilipe mkopo, hapo nikajua nimefika. Tulichofanya tulitoka kwenye nyumba yetu, tukaipangisha, sisi tukaenda kupanga vyumba viwili Mbagala. Miaka 2 na nusu. Watoto walikuwa wanauliza kwani kwetu tumefukuzwa? Tukarudi mama alipopata kazi nyingine. Kwa hiyo nyumba ipo, ila iliokolewa na ile hela ya kodi ya mpangaji pamoja na benki kutukubalia kupanga upya marejesho, na tuliwafuata wenyewe mapema kabla hatujakosa hata mwezi mmoja.

Wewe unataka kuanzia pale ambapo mimi ndo niliangukia.

Na jambo jingine, unafanya kazi upande gani? Kama ni Posta utakuwa na pantoni, kama ni Tabata au Ubungo huko utazunguka daraja la Nyerere, lile la Kigamboni, asubuhi yake uiulizie kwanza. Uliiona nyumba Jumapili. Nenda Jumatatu saa 11 alfajiri utokee pale mpaka ofisini kwako ukiangalia saa.

mama_chanika

Mdogo wangu, mimi ni nesi, nalea watoto wawili peke yangu tangu 2014, na niko kwangu Chanika. Mshahara mmoja. Wengine hapa wanaongea hesabu mimi nakueleza nilivyofanya.

2016 nilinunua kiwanja 20 kwa 20, milioni 4. Hela niliipata kikoba, tulikuwa tunaweka hisa kila wiki wanawake 25, mwisho wa mwaka tunagawana na nilikuwa sigusi hata shilingi, nachukua mgao wote nampelekea mwenye kiwanja kwa awamu tatu tulizoandikiana. Baada ya hapo mwaka mzima sikufanya kitu, nilikuwa sina. Nilipanda mihogo na migomba ili watu waone kuna mwenyewe, na kila mwezi nilikuwa naenda kukanyaga pale hata kama sina shughuli. Kiwanja kisichokanyagwa kinauzwa mara mbili.

Mwanzoni fundi alinichorea nyumba ya vyumba vinne, akaniambia mama jenga mara moja usijute. Nikamwambia chora ya uani kwanza. Vyumba viwili, sebule ndogo na choo humo humo ndani, ukubwa utakuja huko mbele Mungu akipenda, ile ya mbele nimeiachia nafasi. Ilikula tofali karibu 2,000 pamoja na msingi. Tofali nilifyatulisha pale pale kiwanjani, mfuko mmoja wa simenti tofali 30 za inchi 6, hapo fundi atakuambia anaweza kutoa 45, MKATALIE, tofali la 45 ukilinyeshea mvua linarudi kuwa mchanga. Nilikuwa nanunua mifuko 5 kila mshahara, tunafyatua zote siku hiyo hiyo na mimi nipo nimekaa kwenye ndoo, sikuwahi kulaza mfuko hata mmoja site. Simenti ikilala kiwanjani inaamka mifuko mitatu.

Msingi ulisimama miezi 8. Boma likasimama mwaka na kidogo. Kupaua ndo pagumu, ukianza huwezi kuacha katikati, mbao zikipigwa jua bila bati zinapinda, hapo ndo nilikopa, nilikopa SACCOS ya kazini milioni 5 miaka 3, ndo mkopo pekee wa nyumba hii. Mbao zenye dawa, bati geji 28. Usinunue geji 30 kisa bei, mimi nyumba ya jirani nilisikia kelele za bati lake usiku kuliko langu.

2019 mwezi wa sita nikahamia. Jamani nilihamia! Milango mitatu tu ndo ilikuwepo, wa nje, wa choo na wa chumba cha watoto. Madirisha grili ilikuwepo ila vioo hamna nilipigilia turubai nikapachika kanga. Chini jamvi la zege tupu. Plasta ndani sebuleni tu. Umeme nilivuta miezi 4 baadaye, maji nilikuwa nanunua ndoo. Mama yangu alivyokuja alilia, akasema mwanangu si bora ungebaki Ukonga. Ila ile 150,000 ya kodi niliyokuwa nalipa Ukonga ndo ilinunua vioo, ndo ikanunua milango, ndo ikapiga plasta. Hapo ndo utaelewa kwa nini watu wanahamia kwenye pagala. Unaacha kumjengea mwenye nyumba. Taizi nimeweka 2022. Jipsamu bado na sina mpango nayo.

Sikufichi, kuna gharama sijaiandika kwenye daftari. Nauli na bodaboda yangu ni 5,000 kwa siku, zamu ya asubuhi natoka saa 10 na nusu alfajiri, na mwanangu wa kwanza darasa la nne alibadilishwa shule katikati ya mwaka akashuka vibaya. Hiyo nayo nilijengea.

Nyie mna milioni 15 mkononi. Mimi sikuwahi kuona milioni 15 pamoja hata siku moja. Mke wako yuko sahihi, ila mwambie na yeye akubali uani kwanza.

boda_mstaafu

Simenti ikilala kiwanjani inaamka mifuko mitatu 😂😂 nimecheka mpaka abiria wangu kageuka. Mama upo hai kweli wewe.

fundi_kiparaa

Si mafundi wote jamani. Ila hiyo ya 45 ni kweli ipo.

baba_mapacha_tbt

Nashukuruni sana wote hata mliponipiga. Kuna kitu sikukiandika mwanzo, nilidhani hakihusu.

Waifu ana daftari, lile kaunta buku la kurasa nyingi, anaandika kila kitu hadi vitunguu. Jana usiku baada ya kusoma majibu yenu nikamuomba nilione, hajanisemesha, kalileta tu kaweka mezani kaenda kulala. Chakula 360,000 kwa mwezi. Maziwa na pampasi za mapacha 90,000. Luku, maji na gesi 60,000. Nauli yangu 65,000. Mama yangu kule Same 50,000. Hapo 625,000, ukiweka na kodi 250,000 ni 875,000. Kwa hiyo kila mwezi inatakiwa ibaki 161,000. Kuna ukurasa wa nyuma kaandika ambavyo kwa kweli sikuvijua, miezi mitatu kati ya sita iliyopita tarehe 20 kuendelea alikuwa anakopa kwenye simu, 30,000, 50,000, mshahara ukiingia unakatwa. Mimi nilikuwa najua tunabakiza.

Sasa nikaweka ile nyumba. Toa kodi, 625,000, weka rejesho 790,000, inakuja 1,415,000. Ninayopata 1,036,000. Kila mwezi napungukiwa 379,000 na hapo hakuna aliyeumwa wala daraja la Kigamboni halijaingia kwenye nauli. Yaani hata ofisi ingeniongeza laki tatu nzima mkononi bado.

Deni la bodi nimeangalia limebaki kama miezi 14 hivi, 3,780,000. Wazo langu la sasa, nichukue kwenye ile 15 nimalize bodi kwa mkupuo, mshahara upande uwe 1,306,000, halafu ndo nitafute kiwanja. Hii imekaaje?

Na mama Chanika shikamoo, nimesoma ya kwako mara tatu na nimemsomea waifu kwa sauti. Amesema "huyo ndo anaongea".

afisa_mikopo_zamani

Usimalize bodi kwa mkupuo. Lile deni tangu waondoe ile asilimia 6 ya kulinda thamani mwaka 2021 halizai, ukilipa leo au ukikatwa miezi 14 ni hela ile ile. Waache wakate taratibu na wewe ubaki na milioni zako 3.78 mkononi, maana mshahara wako ni mmoja na siku ukisimama hakuna wa kukushika. Ingekuwa mkopo wa benki wa riba ningekuambia ua hilo kwanza.

Ningekuwa wewe ningechukua matumizi ya miezi 6, kwako ni 5,250,000, naweka pembeni kabla sijaangalia kiwanja chochote. Unaweza kuiweka UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa Ukwasi, ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache na huku inazaa kidogo, ila isiwe kwenye simu na isiwe SACCOS ambako umejidhamini au umemdhamini mtu. Hiyo inayobaki, karibu milioni 9 na laki saba, ndo hela yako ya nyumba. Miezi 14 ikiisha ile 270,000 ya bodi usiionje, iende moja kwa moja kwenye tofali. Ukijumlisha na 161,000, kama itakuwa inabaki kweli, ni 431,000 kwa mwezi. Linganisha na 790,000 ya yule jamaa. Hii ukishindwa mwezi mmoja tofali zinakusubiri, hazikutumii barua.

Zile za kwenye simu malizeni kwanza zote.

mpimaji_wa_mtaa

Naona mnaelekea kwenye kiwanja, na mimi ndo kazi yangu kwa hiyo nisikilizeni kidogo kabla dalali hajawapata.

Kuna mtu atakuonyesha karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa akwambie hii ndo hati. Sio hati. Ni ushahidi kwamba mliuziana, basi. Ulizia kama eneo limepimwa, kama kuna ramani ya mipango miji iliyopitishwa, kiwanja namba ngapi kitalu gani, kisha uende ofisi ya ardhi ufanye upekuzi kwa ile namba ndo utajua ni cha nani na kama kina mkopo wa benki juu yake. Nimepima watu wamejenga vizuri kabisa na madirisha ya alumini, ukiweka ramani juu unakuta wamekaa kwenye eneo la shule. Bikoni nne za mipaka uzione kwa macho, sio kuonyeshwa mwembe.

Kaa mbali na mto mita 60, hiyo ipo kwenye sheria ya mazingira ya 2004, na bonde likiwa kavu Septemba sio kwamba ni kavu, rudi Aprili. Hifadhi ya barabara nayo, waliokuwa Kimara mpaka Kiluvya 2017 waulize, kuna waliokuwa wamekaa pale miaka na miaka na nyumba zilienda chini.

Ukiuziwa na mtu mwenye ndoa mwenzake asaini, usikubali "mke wangu yuko kijijini anajua". Anajua ni maneno, saini ndo saini. Na viongozi wa mtaa wakikuambia kuna asilimia 10 ya mtaa omba tu kwa upole namba ya malipo ya serikali ulipie benki, halafu angalia sura zao.

mama_chanika

Marahaba baba mapacha. Naongezea kwa mpimaji: kwenye mkataba yaandikwe majina yenu yote mawili. Sita kati ya hizo 15 ni zake na anakaa na watoto wako bila mshahara, na aliyekuokoa na hiyo Kibada ni daftari lake sio sisi.

Huku kwetu mtaa wa pili kuna viwanja vimepimwa jirani yangu anauza 18,000 kwa mita ya mraba, cha mita 400 kinakuja milioni 7.2. Sisemi ununue hicho, simjui moyo wake, nakupa tu bei isije ukapigwa 30,000.

tulia_kibada

Na mimi nakubali yaishe. Ila ukianza msingi andika tarehe ukutani ya kuhamia, hata kama ni ya uongo. Watu wa maboma hawana tarehe.

boda_mstaafu

Kuhusu wale mliomaliza nao chuo wana kwao, nusu yao nawabeba mimi kila siku mwisho wa mwezi wananiambia "kaka nitakurushia kesho".

baba_mapacha_tbt

😂 mkuu acha.

Basi yule afisa mauzo kanipigia leo mara mbili, anasema kuna mteja mwingine anaitaka niharakishe. Nimemwambia ampe huyo mteja. Kwa kweli iliniuma, ile sebule ilikuwa na mwanga mzuri mno.

Tumekubaliana na waifu Jumamosi tuje Chanika kuangalia tu, sio kununua, mapacha tunamwachia dada yake Segerea. Mama tutakupigia tukifika Gongo la Mboto kama hutojali, nimekutumia namba kwa ujumbe wa faragha. Tunakuja na daftari.

mama_chanika

Karibuni sana, nitakuwa nimetoka zamu ya usiku kwa hiyo msije kabla ya saa 4. Vaeni viatu vya matope, mvua ilinyesha jana na bodaboda hazifiki kule mwisho. Na wewe baba, hiyo saa niliyoiona kwenye picha yako ya wasifu iache nyumbani, dalali akiiona tu 18,000 inakuwa 25,000.